Mama mkwe anataka kurudi Haiti, na siri ameniachia mimi

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Voi, Kenya. Naishi Brockton, mji ulio kusini mwa Boston, na nahudumia wazee katika makao ya wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Mume wangu ni Mhaiti, dereva wa basi. Tumejaaliwa watoto wawili, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 8. Tunaishi na mama yake mzazi. Watoto wanamwita Grann, kama Wahaiti wote wanavyowaita bibi zao, nami nimezoea kumwita hivyo hivyo.

Grann ana miaka 74. Alizaliwa kijijini karibu na Limbé, kaskazini mwa Haiti, akaolewa na fundi viatu, wakahamia Carrefour, pembeni mwa jiji la Port-au-Prince. Huko alikuwa mchuuzi wa jumla. Alikuwa akinunua maharagwe, ndizi na mchele mikoani, anapanda juu ya lori pamoja na magunia yake, anakwenda kuuza mjini. Kwao wanawake wa kazi hiyo wanaitwa Madan Sara, na bila wao jiji halili. Ndivyo alivyosomesha watoto wake watatu. Tarehe 12 Januari 2010, tetemeko lilipopiga, yeye alikuwa sokoni na mumewe alikuwa ndani. Nyumba ilianguka yote. Maiti mjini zilikuwa nyingi kupita kiasi, malori yakazisomba na kuzipeleka Titanyen, nje ya jiji, zikafukiwa kwa pamoja kwenye mashimo. Baba mkwe anasadikika yuko huko. Mume wangu wakati huo alikuwa hapa Marekani, na alikaa siku kadhaa akipiga simu bila kujua kama mama yake yu hai. Alikuwa ameshapata uraia, kwa hiyo alishughulikia karatasi, na mwaka 2012 Grann akaingia na kadi ya ukaazi wa kudumu.

Sina la kumlalamikia mama huyu. Watoto wangu amewalea yeye. Wakikohoa anawapaka mafuta ya mbarika kifuani na kuwafunga flana. Jumamosi anatwanga kitunguu saumu, majani ya kitunguu, kotimiri na pilipili kwenye kinu cha mbao, jirani wa chini anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio, na Grann anaendelea kutwanga. Tarehe 1 Januari anaamka kabla ya alfajiri kupika supu ya boga ambayo Wahaiti hunywa siku ya uhuru wao, na hakuna anayeruhusiwa kutoka nyumbani kabla hajainywa. Kikrioli nilijifunza jikoni kwake. Niliponyimwa usingizi na kichanga, yeye ndiye aliyekaa naye sebuleni hadi kunakucha.

Sasa nije kwenye shida yangu. Majuzi nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta ameketi kitandani kwangu, amefunga kitambaa chake cha kanisani kichwani. Watoto walikuwa shule, mume wangu kazini. Alifunga mlango, akatoa kopo la kakao, na ndani mlikuwa na dola 4,000 na ushei zimeviringishwa kwenye leso. Ni pesa za mchezo wanaocheza akina mama wa kanisani kwao, kama vyama vyetu vya kuzungushiana pesa. Akaniambia nimkatie tiketi ya kwenda Cap-Haïtien, ya kwenda tu, isiyo na kurudi. Na mwanawe asijue mpaka yeye awe ameshafika.

Nilimuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe. Akasema ameshamwambia. Kweli alimwambia, mimi nilikuwepo. Mume wangu aliweka kijiko chini akasema, "Mama, huko watu wanakimbia, wewe unakwenda?" Akainuka mezani. Tangu siku hiyo Grann hajalitaja tena jambo hilo mbele yake, na mume wangu anadhani limekwisha.

Sijui nifanye nini. Habari za Haiti tunazisikia kila siku. Polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, Wahaiti wa kanisani walinishika mkono kana kwamba ni mimi niliyewatuma. Muda ukapita, magenge yakazidi kusogea, baadhi ya vijana wetu wakafia huko, na pongezi zikageuka maswali ambayo sina majibu yake. Grann ana kisukari na presha, anajidunga insulini asubuhi na jioni. Kaka yake yuko Limbé bado. Anamtumia picha kwa WhatsApp, mifuko ya saruji, nondo, matofali yaliyopangwa chini ya mwembe. Grann anasema anajengewa kijumba kidogo. Kumbe amekuwa akituma pesa muda mrefu.

Nikimkatia tiketi kwa siri, mume wangu hatanisamehe. Likimpata lolote huko, nitakuwa mimi niliyempeleka. Wifi yangu aliye Montréal ameshasema mbele ya watu kwamba mimi nimemfanya mama yao kuwa yaya. Kesho atasema yule Mwafrika alipomaliza kumtumia mama yetu akamfukuza. Nikimwambia mume wangu, Grann hataniamini tena maisha yake yote, na mimi ndiye mtu pekee ndani ya nyumba hii aliyemwonyesha lile kopo. Na nikikaa kimya, kila siku akinitazama najua anangoja.

Kuna jambo lingine ambalo ni vigumu kuliandika. Akiondoka, watoto watabaki na nani usiku niko kazini na baba yao anatoka saa kumi alfajiri? Sijui kama wasiwasi wangu ni wa usalama wake au wa zamu zangu. Tena mama yangu mzazi alifariki Voi mwezi wa Mei 2020, Kenya imefunga anga, nikaangalia mazishi yake kwenye simu nikiwa nimeketi ndani ya gari nje ya kazi. Grann anaponiambia anataka kulala kwenye ardhi ya kwao, mdomo wangu unakataa kusema hapana.

Nimkatie? Nimwambie mwanawe? Nisaidie, mama.

Mkwe wa Grann, Massachusetts

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila niliporudi nilimwona Grann pale kitandani kwako na kopo lake. Kati ya watu wote aliozaa na kuwalea, amekuja kwako wewe, mtoto wa Voi. Hilo ni heshima kubwa na ni mzigo mkubwa, na naona umeubeba peke yako.

Nikikusoma vizuri, hali ni hii. Mama mkwe wako mwenye akili timamu na pesa zake anataka kurudi alikozaliwa. Mwanawe amekataa na amefunga mjadala. Yeye ameamua kupita pembeni, na mlango wa pembeni aliouona ni wewe. Ukifungua unamvunja mumeo, usipofungua unamvunja mama. Na chini ya hayo una hofu zako mbili, ya watoto na ya masimango, na una msiba wa mama yako ambao haujapata nafasi ya kuisha.

Nianze na swali ambalo sikuliona ukiuliza popote katika barua yako. Grann anakwenda kufanya nini? Umeandika kwamba anataka kulala kwenye ardhi ya kwao, na ukahesabu kwamba anakwenda kufa. Inawezekana. Lakini hebu zitazame tena zile picha za kaka yake. Vijijini Haiti, watu wengi huzika kwenye ardhi ya ukoo, na makaburi yao hujengwa juu ya ardhi kwa matofali ya saruji, yakapigwa lipu na kupakwa rangi. Mgeni akipita barabarani anaweza kudhani ni vijumba. Wengi huanza kujenga la kwao wakiwa hai, kidogo kidogo, kadiri pesa zinavyopatikana, kwa sababu hawataki kuwaachia watoto aibu ya kuwazika ovyo. Sijui kama hicho ndicho kijumba anachokisema Grann. Labda ni chumba na sebule kweli. Lakini huyu ni mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa na lori akafukiwa Titanyen bila jina, bila sala, bila mtu wa nyumbani kutupa udongo. Ikiwa anajenga mahali pa kuandika jina la mume huyo, basi anachokuomba si kile ulichodhani, na huenda hata hakihitaji tiketi isiyo na kurudi.

Muulize. Asubuhi kama ile ile, watoto wakiwa shule, mwambie akuonyeshe picha moja moja na akueleze ukuta huu ni wa nini na mlango unatazama wapi. Usimuulize kwa nini anaondoka, swali hilo ameshajibiwa nalo vibaya mezani. Anaweza pia kukuambia kitu tofauti kabisa. Anaweza kusema amechoka kuwa mzee anayeshinda ndani miezi mitano ya baridi, asiyeweza kwenda dukani bila mtoto wa kumsemea Kiingereza, yeye aliyekuwa akipatana bei na madereva wa malori na kuamrisha wapagazi. Hilo nalo ni la kweli na zito, ila dawa yake si lazima iwe Limbé. Na kwa kuwa kazi yako ni wazee, utajua kumtazama kwa jicho hilo pia. Analala? Anakula? Anasahau? Kwa unavyoandika, sioni dalili ya kuchanganyikiwa, namwona mtu aliyepanga jambo lake kwa subira.

Tuje kwa mumeo. Wewe umemwona mtu aliyeweka kijiko chini na kuinuka. Mimi namwona kijana aliyekaa na simu mkononi Januari 2010, anapiga, haipokelewi, anapiga tena, na televisheni inaonyesha mtaa wake umelala chini. Tangu alipompokea mama yake uwanja wa ndege, huenda amejiapia kwamba hatangoja simu ile tena. Kwa hiyo mama anapotamka neno kurudi, yeye hasikii Limbé na miembe, anasikia ile kimya. Sisemi kwamba yuko sahihi kumkatalia mama wa miaka 74 kana kwamba ni mtoto. Nasema kwamba ukimchukulia kuwa mkaidi tu, utazungumza naye kama mkaidi, na hamtafika. Sijui kama mama na mwana hawa wamewahi kukaa wakazungumza juu ya siku zile, kila mmoja akamweleza mwenzake alikuwa wapi na alifanya nini. Familia nyingi zilizonusurika hazikuzungumza, zilishughulikia karatasi, zikatafuta kazi, zikaendelea kuishi.

Halafu kuna Haiti yenyewe, na hapa naomba tusiiweke nchi nzima ndani ya kapu moja. Hofu ya mumeo ina msingi. Magenge yenye silaha yameshika sehemu kubwa ya Port-au-Prince, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 5,600 waliouawa mwaka 2024 peke yake, na kufikia katikati ya 2025 waliokimbia makwao walikuwa kama milioni 1.3. Novemba 2024 ndege za abiria zilipigwa risasi kwenye anga ya jiji hilo, na Marekani ikazuia mashirika yake kuruka kwenda huko. Kikosi walichoongoza Wakenya hakikupata watu wala vifaa vilivyoahidiwa, na Septemba 2025 Baraza la Usalama likaamua kipanuliwe na kugeuzwa kuwa kikosi kingine. Haya yote ni kweli. Lakini Limbé iko kaskazini, si mbali na Cap-Haïtien, na uwanja wa ndege wa Cap-Haïtien umeendelea kupokea abiria kutoka nje wakati ule wa mji mkuu ulipofungwa. Maisha ya kaskazini yamekuwa magumu, bei zimepanda, waliokimbia mji mkuu wamejazana kwa ndugu zao, hata hivyo watu wanalima, wanauza sokoni na wanazika wazee wao. Grann analijua hilo kuliko mimi na wewe, maana anazungumza na kaka yake.

Ambalo ningemuuliza kwa makini ni kama safari yake inaishia Limbé. Mjane mwenye kiwanja chake Carrefour na mume wake Titanyen anaweza kuwa na hamu ya kufika huko pia, na hajakuambia. Barabara ya kutoka kaskazini kwenda mji mkuu inapita Artibonite, ambako magenge yamekuwa yakisimamisha magari. Mauaji ya Pont-Sondé, Oktoba 2024, yalitokea kwenye njia hiyo hiyo. Kukaa Limbé na kushuka Carrefour ni safari mbili tofauti kabisa, na mumeo ana haki ya kujua ni ipi inayozungumzwa.

Sasa nikupitishe kwenye njia ulizonazo, nazo zote zina miiba.

Ukimkatia tiketi kimyakimya, utakuwa umemheshimu kama mtu mzima anayejiamulia. Lakini fikiria mchana ule. Binti yako anarudi shule, anamkuta Grann hayupo, kopo halipo, kitanda kimetandikwa. Mwanao wa miaka 8 anauliza amekwenda wapi na wewe unajua tangu zamani. Grann alipotezewa mume bila kuagana naye, na amebeba hilo miaka yote hii. Akiondoka kwa mpango huu, wajukuu wake na mwanawe nao watabaki bila kuagana. Sidhani ameliona kwa upande huo. Ukimwambia kwa upole, kwa Kikrioli alichokufundisha mwenyewe, huenda likamgusa kuliko takwimu zote za magenge. Mwambie kama anayewapenda watu wote wawili, usimwambie kama tishio.

Ukimwambia mumeo bila ruhusa ya Grann, utaokoa ndoa yako na lawama, na pengine utazuia safari. Lakini pesa ni zake na pasipoti ni yake. Dada yeyote wa kanisani mwenye simu anaweza kumkatia tiketi ndani ya dakika kumi, na safari hiyo hakuna hata mmoja wenu atakayejua tarehe yake. Kukufunulia wewe kumempa familia yake nafasi ambayo siri kamili isingewapa. Sitaki uipoteze haraka. Hata hivyo, siri hii ina mpaka. Ukiona dalili kwamba ameshapata mtu mwingine wa kumsafirisha, au afya yake imeyumba, au yeye mwenyewe haeleweki tena, nadhani utahitaji kusema, na ni vizuri ajue hivyo mapema. Unaweza kumwambia, "Mama, nitakutunzia neno lako, ila sitamdanganya mwanao akiniuliza uso kwa uso." Huko si kumsaliti.

Iko njia ya kumwomba Grann akuruhusu ukae pale atakapomwambia mwanawe mara ya pili. Safari hii si mezani mbele ya watoto, na si kwa kuomba ruhusa. Aje na maelezo kamili, nyumba gani, kwa nani, kwa muda gani, dawa zake zitakaa wapi. Mara nyingi anayekataa neno kubwa kama "kurudi" anaweza kuongea juu ya wiki tatu mwezi fulani. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa tena, kwa sauti kubwa zaidi, na Grann akajiona ameaibishwa mara mbili. Kama kuna mtu mzima wa kwao ambaye mumeo anamsikiliza, mjomba huyo wa Limbé kwa mfano, au mchungaji wao, huenda ikafaa awepo, hata kwa simu. Na wifi yako wa Montréal aambiwe na mama yake mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla hajasikia kwa watu. Maneno yake yalikuchoma, naona, lakini zingatia kwamba naye yuko mbali na mama yake na hana la kufanya isipokuwa kusema.

Inawezekana pia kukawa na safari ya kwenda na kurudi, mtu akiwa ameandamana naye. Asimamie ujenzi wake, amwone kaka yake, kisha aamue akiwa ameona kwa macho. Kwa miaka yote aliyokaa Brockton kijiji anachokikumbuka kimebadilika, na wengi aliowaacha hawapo. Wazee wengine wakifika hupata nguvu mpya, wengine hukaa mwezi wakaanza kuulizia wajukuu. Hakuna anayeweza kujua kabla ya kufika.

Kuhusu karatasi, yako mambo ambayo Grann anastahili kuyajua kabla hajaamua, ili asije akafungiwa mlango bila kutaka. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi 6 anaweza kuhojiwa anaporudi, na akipitisha mwaka mzima bila kibali maalumu cha kurejea, ukaazi wenyewe unaingia mashakani. Kibali hicho huombwa akiwa bado Marekani. Amri ya Juni 2025 iliyowazuia raia wa Haiti kuingia iliwaacha nje wenye kadi, na hali yake si ile ya Wahaiti wenzake wa kanisani wanaoishi kwa ulinzi wa muda, ambao hatima yao imekuwa ikivutwa huku na huku mahakamani. Lakini sheria hizi zimebadilika sana, kwa hiyo mpelekeni kwa wakili wa uhamiaji, yeye na mwanawe pamoja kama itawezekana. Tena mtu aliyetimiza miaka 55 na aliyeishi na kadi kwa miaka 15 anaruhusiwa kufanya usaili wa uraia kwa lugha yake, kupitia mkalimani. Kwa Grann hiyo ni 2027. Raia anakwenda na kurudi apendavyo. Huenda akaona kusubiri kidogo kunampa uhuru mkubwa, au akaona kwa umri wake kusubiri ndiko kunakomtisha. Uamuzi huo ni wake.

Insulini unaijua kuliko mimi. Umeme wa kule ni wa kubahatisha, na bima ya matibabu ya Marekani kwa kawaida haimfuati mtu Haiti. Itabidi daktari wake aulizwe kiasi anachoweza kubeba, na kaka yake aulizwe kama kuna jirani mwenye friji ya sola, na hospitali iliyo karibu iko wapi. Milot, upande ule ule wa kaskazini, kuna hospitali inayofahamika. Maswali kama haya yanaweza kumsaidia mumeo pia, kwa sababu mtu mwenye hofu akipewa kitu cha kushughulikia, hofu humpungukia kidogo.

Nimebakisha yale uliyoona vigumu kuandika. Wasiwasi wako juu ya watoto na zamu zako ni halali, na si ubinafsi. Umejengewa maisha juu ya mikono ya Grann na mikono hiyo ikiondoka lazima kitu kiyumbe. Ninachokuomba ni uuweke mezani kwa jina lake. Mwambie mumeo, hata leo, bila kugusa siri ya mtu, "Mama ana miaka 74, tumejipangaje siku asipoweza tena?" Swali hilo mngelihitaji hata kama Limbé isingekuwepo. Angalieni zamu za mchana, mtu wa kuwapokea watoto baada ya shule, mama mwingine wa kanisani. Mkishakuwa na jibu, hata la nusu, utaweza kumsikiliza Grann bila kusikia saa ya kazi ikigonga nyuma yake. Na yeye pia asibaki kwa sababu tu hakuna wa kuwapikia watoto. Akibaki, abaki kwa kupenda.

Na mama yako, mwanangu. Pole. Pole sana. Kenya ilifunga ndege za abiria mwishoni mwa Machi 2020, ikazifungua Agosti, na katikati hapo walizikwa wazazi wengi ambao watoto wao walikuwa ughaibuni kama wewe. Ulikuwa ndani ya gari, kisha nadhani uliingia kazini ukahudumia wazazi wa watu wengine. Sishangai mdomo wako unakataa kusema hapana kwa Grann. Ila jaribu kuitenganisha misiba hii miwili. Kumpeleka Grann Limbé hakutakufikisha Voi, na kumzuia hakutakupunguzia deni unalodhani unalo. Je, umeshakwenda kuliona kaburi la mama? Barua yako haisemi. Ikiwa bado, likizo yako ijayo ningeipigia hesabu ya kwenda nyumbani, na watoto ukiweza.

Kwanza lakini, zile picha. Muulize huo ukuta ni wa nini, umsikilize mpaka amalize, kisha niandikie amejibu nini.